Kidonge cha Mafuta ya Samaki Kinavyofika Kwenye Damu

Ndugu zangu, wazee wangu, asanteni kwa kuja.

Kidonge hiki nilichokishika ni cha mafuta ya samaki. Mbele ya kopo pameandikwa miligramu 1,000. Ligeuzeni msome maandishi madogo: EPA 180, DHA 120. Asidi hizo mbili za mafuta, za jamii ya omega-3, ndizo mnazozilipia, na jumla yake ni miligramu 300. Kilichobaki ni mafuta mengine tu.

Sasa, kumeza si kufyonza. Mafuta hayapatani na maji, na damu sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo nyongo lazima iyavunje yawe matone madogo sana, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria lenye ukoko wa mafuta, ndipo kimeng'enya cha lipasi kutoka kwenye kongosho kipate pa kukata. Na nyongo haimwagiki ovyo. Mfuko wake hukamuka vizuri pale utumbo mwembamba unapohisi chakula chenye mafuta. Mtu anayemeza kidonge alfajiri kwa chai ya rangi na mkate mkavu anakipeleka mahali ambapo bado hapajaandaliwa.

Hili limepimwa. Mwaka 1988 watafiti Lawson na Hughes walichapisha matokeo ya watu waliopewa mafuta ya samaki pamoja na mlo wenye mafuta kidogo, kisha pamoja na mlo wenye mafuta mengi. Mafuta yaliyo katika umbo la asili, yaani trigliseridi, yalifyonzwa asilimia 69, yakapanda hadi 90. Yale ya etili esta, ambayo asidi zake kiwandani hung'olewa kwenye gliseroli, yaani kishikizo chake cha asili, na kushikizwa kwenye ethanoli, aina ya pombe, yalitoka asilimia 20 yakafika 60. Kidonge kilekile, tofauti ni sahani iliyo pembeni yake! Inaniuma kuona mama amejinyima akanunua kopo, halafu hakuna aliyemwambia alimeze pamoja na chakula.

Baada ya kukatwa, asidi hizo huingia kwenye ukuta wa utumbo, huunganishwa upya, na kufungwa kwenye vifurushi viitwavyo kailomikroni. Vifurushi hivi ni vikubwa mno kupenya kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, basi hupita njia ya limfu, mishipa ya majimaji mengine ya mwili, hupanda kifuani, na kumwagika kwenye mshipa mkubwa wa vena karibu na shingo, upande wa kushoto. Havianzii kwenye ini kama sukari inavyofanya.

Haya huonekana kwa macho. Chukua damu ya mtu saa tatu baada ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga, izungushe kwenye mashine ya maabara. Plazima, yaani majimaji ya damu, ambayo kabla ya kula ni ya manjano na angavu, inaweza kutoka nyeupe kama tui jepesi. Ndizo kailomikroni hizo, bado ziko safarini.

Tui hilo hutoweka baada ya saa kadhaa. Ila EPA na DHA huanza kuhamia kwenye fosfolipidi za plazima, aina nyingine ya mafuta ya damu, katika siku na wiki chache, na kwenye ngozi za chembe nyekundu polepole zaidi, kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120. Watafiti Harris na von Schacky walipopendekeza kipimo chao mwaka 2004 walichagua chembe hizo, wakapima EPA na DHA ni sehemu gani ya asidi zote za mafuta zilizo kwenye ngozi zake: asilimia 8 kwenda juu ni pazuri, chini ya 4 ni haba. Ukipima wiki moja baada ya kuanza vidonge, umejisumbua bure. Subiri miezi mitatu, minne.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kwanza. Na dozi kubwa za gramu kadhaa kwa siku msijipangie wenyewe, zimehusishwa na mapigo ya moyo kwenda ovyo.

Anayekula vibua au jodari mara kwa mara tayari anapata asidi hizi katika umbo la asili, ndani ya mlo. Waliokuja na makopo yao wayalete hapa mbele, tusome pamoja kama ni trigliseridi au etili esta.