Mtani kwenye matanga yake mwenyewe

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki mpaka saa hizi. Nimeombwa nizungumzie namna tunavyowaomboleza wachekeshaji wetu, na nitaanza na lawama niliyoisikia sana Agosti 2018.

Tarehe 8 ya mwezi ule, Mzee Majuto, yaani Amri Athuman, mchekeshaji wa filamu wa Tanzania, alifariki pale hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, baada ya kuugua muda mrefu, kisha akapelekwa kwao Tanga kuzikwa. Hata safari ya Tanga haijaanza, simu zilishajaa vipande vya filamu zake, na watu wanacheka. Wengine wakakasirika: mtu hajazikwa, nyinyi mnacheka?

Mimi nawatetea waliocheka. Waliokulia penye utani wa makabila, ule wa makabila yenye ruhusa ya kutaniana, wanaijua kazi ya mtani msibani. Mtani anaingia na kanzu ya marehemu mwilini, anatembea kama marehemu, anakohoa kama yeye, anadai madeni ya uongo mbele ya wafiwa. Anaweza hata kujilaza njiani akazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mjane ambaye hajatia kitu mdomoni tangu jana anajikuta amecheka, halafu kilio kinamrudia upya, na sasa kinatoka chote. Hakuna anayemwambia mtani kakosa adabu. Ile ni haki yake, na msiba usiokuwa na watani wazee wanauona umepwaya.

Sasa Majuto alikuwa mtani wa nani? Wa kila nyumba iliyokuwa na televisheni. Alitutania ubahili wetu, tamaa zetu, wazee wetu wanaojifanya vijana. Akifa mtu wa namna hiyo, nani anastahili kuja kutania msibani? Ni yeye. Vile vipande vya video vilimleta kwenye matanga yake mwenyewe afanye kazi aliyoifanya tangu utotoni. Ndiyo maana sikuona utovu wa heshima hata kidogo.

Linaloniuma ni jingine. Wachekeshaji wetu wakifa, tunasimulia ugonjwa tu. Mzee Small, Said Ngamba, mchekeshaji mwingine wa Tanzania, alipotutoka Juni 2014, habari zilikuwa za maradhi. Mzee Ojwang', mchekeshaji wa Kenya, alipofariki Nairobi Julai 2015, zilikuwa za macho yaliyomsumbua na michango. Hayo lazima yasemwe, tena kwa sauti. Watu waliochekesha taifa zima hawakupaswa kuzeeka wakisubiri harambee. Mwaka uleule wa 2018 Mwakyembe, aliyekuwa waziri wa sanaa Tanzania, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, na suala la mikataba ya Majuto lilikuwa kiini chake. Lakini tukiishia kwenye huruma, tunamzika mgonjwa, na fundi tunamsahau.

Mtazameni Ojwang'. Jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu. Kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Kenya, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, kwa uhakika kiasi kwamba wako waliojua asili yake siku ya tanzia tu. Nywele na ndevu alizipaka nyeupe, akavaa miwani, akazeeka kabla ya umri wake. Miaka ikapita, uzee wenyewe ukamfikia, na alipofariki alikuwa na miaka 78. Hebu fikirini: mtu anaigiza uzee wake mbele ya Wakenya kwa miongo, mpaka unafika kweli. Na Mama Kayai, mkewe wa kwenye igizo, aliyechezwa na Mary Khavere, yupo kando anamjibu, anajua sekunde ya kunyamaza. Hayo ndiyo ya kusimuliwa matangani.

Kuna vifo ambavyo hata utani unakwama kooni. Sharo Milionea alikufa kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012, kijana kabisa. Alikuwa amecheza na Majuto, mmoja mzee wa Kitanga, mwingine sharobaro wa mwendo wa madaha. Mzee akabaki kumlilia kijana. Na Charles Bukeko, Papa Shirandula wetu wa televisheni ya Kenya, alifariki tarehe 18 Julai 2020, wakati wa korona, akazikwa Busia baada ya siku mbili tu, waombolezaji wakizuiliwa na masharti. Mtu aliyekusanya familia mbele ya televisheni, watu wakanyimwa kumkusanyikia. Deni lile mimi bado naliona halijalipwa.

Nimeongea vya kutosha. Vijana wa mitambo wana kipande cha Majuto tayari. Nawaomba tukitazame mara mbili. Ya kwanza chekeni tu, msijizuie. Ya pili mwacheni Majuto, mtazameni yule anayecheza naye, muone anavyohangaika asiangue kicheko. Kisha nitataka kusikia kutoka kwenu, hasa nyie mnaojifunza kuigiza: Majuto alifanya nini hasa, kwa jicho, kwa bega, au kwa kuchelewa kujibu?