Kazi ya Shabiki Msibani

Mbukwenyi!

(Ukumbi: Mbukwa!)

Asanteni. Mbele naona vijana wanaopiga dramu makanisani, kulia wamekaa mama zetu wa muheme, ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake, kutoka Chamwino, na huko nyuma kuna wanafunzi wa chuo ambao nahisi wamefuata kiyoyozi. Wote karibuni.

Tunayemzungumzia leo ni Neil Peart, mpiga dramu wa bendi ya Rush ya Kanada, na ndiye aliyeiandikia bendi hiyo karibu mashairi yake yote. Alifariki tarehe 7 Januari 2020 huko Santa Monica, California, akiwa na miaka 67, kwa saratani ya ubongo. Dunia ilikuja kuambiwa siku tatu baadaye. Na hakuwa ameugua jana na juzi, aliuguza maradhi yale zaidi ya miaka mitatu. Wenzake walijua wakafunga midomo, kwa kuwa mwenyewe alitaka hivyo.

Kwetu msiba ni kazi. Jirani akifiwa hujifungii chumbani kulia. Kuna turubai la kufunga, maji ya kuchota, daftari la michango, kaburi la kuchimba kwenye ardhi hii ya Dodoma ambayo mnajua inavyokataa sururu wakati wa kiangazi. Huzuni inapata pa kushika. Sasa shabiki wa Rush, awe Toronto au awe hapa Area D, anapata habari wakati wenye mtu wao wameshalia na kumaliza. Hana sururu wala ndoo. Afanye nini?

Mashabiki wengi walifanya yanayofanyika siku zote, wakabandika picha na kuandika alivyokuwa bora kuliko wote. Mimi sina ugomvi nao. Lakini Peart mwenyewe aliwahi kufiwa na mpiga dramu aliyemheshimu, na alichokifanya yeye kinanivutia zaidi.

Kwanza niwaambie alikuwa nani, kwa kifupi. Alizaliwa Ontario mwaka 1952. Kabla ya umaarufu alikuwa akiuza vipuri vya mashine za kilimo kwenye biashara ya baba yake, kazi ambayo wengi hapa mna ndugu wanaoifanya. Mwaka 1974 akaenda kujaribiwa na Rush. Wiki mbili baada ya kuchukuliwa, yuko jukwaani Pittsburgh mbele ya watu wapatao 11,000. Muziki wao unaitwa roki ya progresivu, yaani roki iliyochoka na wimbo wa dakika tatu. Mwaka 1976 walitoa santuri iitwayo 2112, ambayo upande wake wa kwanza wote ni wimbo mmoja wa dakika 20. Mpiga gitaa Alex Lifeson, mpiga besi na mwimbaji Geddy Lee, na huyu. Watu watatu tu, lakini kelele ya watu tisa.

(Kicheko.)

Sasa tuje kwenye mdundo, maana hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1981 Rush walitoa kipande kisicho na maneno kiitwacho YYZ. Hizo ni herufi za uwanja wa ndege wa Toronto, zile zinazobandikwa kwenye begi lako. Minara ya kuongozea ndege hutangaza herufi zake kwa alama za Morse, mlio mrefu na mlio mfupi. Wale jamaa waliusikia mlio huo wakiwa angani, wakaufanya wimbo.

Tuhesabu pamoja, piga mapaja. Mlio mrefu upe hesabu mbili, mfupi moja. Herufi Y ni mrefu, mfupi, mrefu, mrefu. Mbili na moja na mbili na mbili: saba. Y nyingine, saba tena. Z ni mrefu, mrefu, mfupi, mfupi: sita. Jumla ishirini. Mnaona? Saba, saba, sita, halafu unaanza upya bila kupumua. Kijana aliyezoea nne-nne za pambio atapotea kwenye herufi ya pili. Mama zetu hawa sidhani kama watapotea, maana katika muheme kila ngoma ina njia yake na hakuna anayemngoja mwenzake, na bado wanakutana.

Sasa turudi msibani. Mwaka 1987 alifariki Buddy Rich, mpiga dramu wa jazi wa Marekani. Mwaka 1991 binti yake, Cathy, alimwalika Peart kwenye onyesho la kumbukumbu huko New York, apige na bendi kubwa ya marehemu. Peart akaenda, akapiga, na hakuridhika na alichopiga. Mtu huyu wakati huo magazeti ya wapiga dramu yanamwita bingwa, mashabiki wanamwita Profesa! Badala ya kulificha jambo lile akarudi kulikabili. Mwaka 1994 alisimamia kurekodiwa kwa santuri ya kumuenzi Rich, Burning for Buddy, akaalika wapiga dramu wengi, kila mmoja na zamu yake. Mmoja wao, Steve Smith, upigaji wake ulikuwa umebadilika kiasi kwamba Peart alimuuliza, nani amekufundisha? Akatajiwa mzee mmoja, Freddie Gruber, ambaye alikuwa rafiki wa marehemu Rich.

Akaenda kwa mzee. Ana zaidi ya miaka 40, ana miaka ishirini ndani ya Rush, anakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Akabadilisha hata namna ya kushika vijiti: mkono wa kushoto ukageuka kiganja juu, mtindo wa zamani wa watu wa jazi. Na mzee hakumfundisha kupiga kwa nguvu wala kwa kasi. Alimfundisha mkono unafanya nini ukiwa hewani, kati ya pigo na pigo. Vijana, kama hamkunielewa, mtazameni mama wa muheme akiwa ameibana ngoma kwa magoti: angalieni mabega, angalieni kiuno. Pigo ni sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe.

Hayo yote yalitoka kwenye msiba. Kama angebaki kusifu tu kwamba Buddy Rich hana mfano, asingejifunza kitu.

Misiba mizito zaidi ilikuwa bado. Agosti 1997 binti yake Selena, miaka 19, alikufa kwa ajali ya gari. Miezi kumi baadaye akafa mkewe kwa saratani. Peart akawaambia wenzake wamhesabu amestaafu, akapanda pikipiki, akazunguka Amerika ya Kaskazini na ya Kati kilometa zipatazo 88,000. Kwa habari hiyo sitaongeza maneno. Alirudi kwenye dramu, na Rush wakatoa santuri mpya mwaka 2002. Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 1 Agosti 2015, Inglewood.

Mwaka 2025 Lee na Lifeson walitangaza kurudi jukwaani, na kwenye dramu watakuwa na Mjerumani, Anika Nilles. Mjane wa Peart, mke aliyemuoa baada ya misiba ile, na binti yao wameunga mkono. Mashabiki wengine wamenuna: kiti kile hakikaliwi! Mimi nasema kikaliwe. Ngoma ikiachwa bila mpigaji, panya hula ngozi.

Basi nimalizie na kazi. Uwanja wetu wa ndege hapa mjini una herufi zake, DOD. Kwa Morse, D ni mrefu, mfupi, mfupi: nne. O ni mirefu mitatu: sita. D tena nne. Jumla kumi na nne. Nimetafuta wimbo wa mdundo huo sijaupata, kwa hiyo tuutengeneze leo. Wewe kijana wa dramu, shika saba, saba, sita ya Toronto, polepole. Mama, nyie chukueni nne, sita, nne, na msimfuate huyu hata akiwaangalia kwa huruma. Tutaona mtakutana wapi. Haya, moja, mbili...