Seva nyingi, skrini moja: tumia tmux

Habari zenu. Leo tunaendesha seva kadhaa kwa mpigo kwa tmux, programu inayogawa terminali moja kuwa madirisha mengi na kuacha kazi ziendelee hata ukitoka, bila kutapakaza madirisha mpaka usijue lipi ni la wapi.

Kwanza, kwenye kompyuta yako fungua faili `~/.ssh/config`, la mipangilio ya ssh, amri ya kuingia seva ya mbali. Andika `Host duka`, chini yake `HostName` na anwani ya seva, halafu `User` na jina unaloingilia. Hifadhi. Sasa `ssh duka` inatosha. Rudia kwa kila seva, kila moja na jina lake.

Haya, ingia. Ukiwa ndani ya seva, siyo kwenye laptopu yako, weka tmux. Kwa Ubuntu au Debian ni `sudo apt install tmux`. Kisha andika:

`tmux new -A -s kazi`

Tazama mstari wa kijani pale chini. Kushoto pameandikwa "kazi", ndilo jina la sesheni, yaani chumba chako cha kazi ndani ya tmux. Hiyo `-A` msiidharau: sesheni ikiwepo inakurudisha humo, isipokuwepo inaifungua. Bila hiyo, ukirudia amri na sesheni bado ipo, tmux inakataa kwa kuwa jina limeshatumika.

Anzisha kazi ndefu, tuseme kunakili hifadhidata. Bonyeza Ctrl na b kwa pamoja, achia, kisha d. Umetoka, kazi inaendelea. Umeme ukatike, bando liishe, yenyewe haina habari. Ukirudi, amri ni ile ile ya mwanzo. Ila seva yenyewe ikizimwa, sesheni nazo zimekwenda.

Ctrl-b kisha c, dirisha jipya. Hizi zinazofuata nazo zitangulize Ctrl-b. Koma, unalibadilisha jina. Alama ya asilimia inagawa skrini kushoto na kulia. Herufi ndogo `z` inakuza kipande ulichopo, ukibonyeza tena kinarudi. Kugawa zaidi ya vipande vinne kwenye laptopu ni kujitafutia miwani.

Sasa utamu wenyewe: amri moja, seva zote. Hapa tmux iwashe kwenye kompyuta yako, gawa skrini, kila kipande kiingie seva yake kwa `ssh`. Bonyeza Ctrl-b, kisha nukta pacha, uandike:

`setw synchronize-panes on`

Jaribu `uptime`, amri inayoonyesha seva imewaka kwa muda gani. Umeona? Herufi zinatokea kote kwa pamoja. Ukimaliza rudia amri ile kwa `off`, tena kabla hujagusa `rm` (kufuta) wala `reboot` (kuwasha upya).