Mnara wa Eiffel uliokolewa na redio

Asanteni sana jamani, karibuni tukae. Mada mliyonipa ni pana kweli, rekodi za dunia na majengo maarufu, na najua nikianza na Burj Khalifa ya Dubai mtaniambia mita 828 tunazijua, zimejaa kwenye simu. Kwa hiyo naomba nichukue mmoja tu, mnara wa Eiffel pale Paris, maana huu ulishika rekodi ya urefu duniani, ukanyang'anywa, tena ulikuwa umepangiwa kubomolewa kabisa na bado upo, sasa swali langu ni hilo, umeponaje?

Kwanza tuwape watu haki yao. Wazo halikuwa la Gustave Eiffel mwenyewe, walioanza kuuchora mwaka 1884 ni mainjinia wawili wa kampuni yake, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, alafu msanifu majengo Stephen Sauvestre akaongeza yale matao ya chini ndo ukapata sura tunayoijua, na mi inaniuma majina yao hayatajwi. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1889, miaka 100 ya Mapinduzi ya Ufaransa, kazi ikaanza Januari 1887 ikaisha Machi 1889, yaani miaka miwili na ushee tu!

Hebu sasa tusogee tuangalie ribiti moja, yaani ule msumari mnene wa chuma unaounganisha vyuma viwili. Mnara una ribiti milioni 2.5 na kila moja ilitaka watu wanne, wa kwanza anaipasha moto mpaka iwe nyekundu, wa pili anaishikilia kwenye tundu, wa tatu anaitengeneza kichwa, wa nne anashuka nayo kwa nyundo kubwa, ikipoa inasinyaa na kuvibana vile vyuma viwili visiachane tena. Theluthi tu ya hizo ndo zilipigwa pale site, zingine zilishapigwa kiwandani Levallois-Perret, mji ulio kando ya Paris, na vipande vyote 18,038 vilichorwa kimoja kimoja kwa vipimo vya sehemu ya kumi ya milimita. Alafu kuna kitu mimi kinanifurahisha kuliko vyote. Miguu minne imeinama, kila mmoja unatoka kona yake, na ghorofa ya kwanza mita 57 juu lazima ishikane na mihimili na matundu ya ribiti yalingane, sasa mnasogezaje mzigo ule? Waliweka jeki chini ya miguu, na kwenye jukwaa la kuegemea wakaweka masanduku yamejaa mchanga, wakitaka chuma kishuke kidogo wanafungua, mchanga unamwagika taratibu mpaka tundu linakaa sawa na tundu mwenzake. Mchanga jamani, kwenye jengo refu kuliko yote duniani!

Rekodi yenyewe ilikuwa ya Washington Monument kule Marekani, mita 169, Eiffel ikaja na mita 300, karibu mara mbili, ikakaa nayo miaka 41. Mwaka 1930 Chrysler Building ya New York ikaichukua kwa mita 319, na wale walijenga ncha yao ya juu kwa siri ndani ya jengo ili wapinzani wao waliokuwa wakijenga jengo refu la 40 Wall Street wasijue, wakaichomoza ghafla Oktoba 1929. Furaha yao haikudumu, mwaka 1931 Empire State ya hukohuko New York ikafunguliwa na mita 381. Rekodi ndo zilivyo.

Turudi Paris. Kibali cha mnara kilikuwa cha miaka 20 tu, mwisho 1909, baada ya hapo jiji lina haki ya kuubomoa, na maadui ulikuwa nao tangu mwanzo, Februari 1887 wasanii na waandishi wakubwa kina Guy de Maupassant na Charles Gounod waliandika kwenye gazeti kuupinga, wanaona unaharibu mji wao. Eiffel akaona urefu peke yake hautauokoa lazima apewe kazi, akaweka huko juu vyombo vya kupima hali ya hewa, na mwaka 1898 Eugène Ducretet, mtengenezaji wa vyombo vya sayansi, akarusha mawimbi ya redio kutoka mnarani mpaka Panthéon, jengo jingine la hapohapo Paris, kama kilomita 4 hivi. Alafu Eiffel akamkaribisha kapteni Gustave Ferrié wa jeshi afanye majaribio pale na gharama akatoa yeye mwenyewe, na hapa mimi namvulia kofia, maana jeshi lilipoona ishara zinafika mbali, nani tena angethubutu kuleta nyundo za kubomoa? Mkataba ukaongezwa miaka 70 kuanzia Januari 1910, na vita ilipokuja 1914 wakawa wananasa mawasiliano ya Wajerumani kutoka palepale.

Na redio ndo imeendelea kuurefusha. Mwaka 1957 waliongeza antena ya televisheni, mnara ukaipita Chrysler kwa mita moja na kitu, na Machi 2022 helikopta ikapandisha antena nyingine ya redio ya kidijitali, mita 6 zikaongezeka, kwa hiyo mkiona vitabu vya zamani vinasema 324 sahihisheni, sasa ni 330. Haya, nani ana swali?