Ndani ya Mnara wa Monitor

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Mwanaisha, wiki nzima wewe ni Samuel Dana Greene tu.

MWANAISHA: Kumbukumbu zake haziniachii, Salim. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tarehe 9 Machi 1862, pale Hampton Roads, Virginia. Ndiyo mara ya kwanza manowari mbili zilizovikwa chuma kupambana, na Greene, msaidizi wa nahodha wa Monitor, manowari ya Kaskazini, ana miaka 22.

SALIM: Jana yake Virginia, manowari ya Kusini, ilikwisha zamisha Cumberland na kuitia moto Congress, meli mbili za Kaskazini.

MWANAISHA: Monitor ikafika usiku, Congress bado inawaka. Asubuhi Greene akaingia mnarani, chumba cha chuma chenye mizinga miwili. Mnara wenyewe unazunguka kwa nguvu ya mvuke, na dunia ya nje anaionea kwenye upenyo wa inchi chache juu ya mdomo wa mzinga, basi.

SALIM: Atajuaje adui yuko wapi?

MWANAISHA: Walichora alama nyeupe chini, pasipozunguka: huku omo, huku tezi, huku kulia, huku kushoto. Vita havijakolea, alama zimefutika. Akiuliza, anajibiwa, "Ubavu wa kulia." Sasa kulia ni wapi, na mnara umeshazunguka?

SALIM: Lo! Na anayemjibu ni nani?

MWANAISHA: Bomba la kusemea na nahodha Worden, aliye mbele kwenye chumba cha usukani, lilikatika mapema. Maneno yakabebwa na mhasibu wa meli na karani wa nahodha, wakikimbia huku na huko. Hawakuwa mabaharia, maneno mengine yakafika yamepinda. Na kila mzinga Greene aliufyatua kwa mkono wake, maana mtu akiteleza kidogo, risasi inampiga nahodha wao wenyewe.

SALIM: Halafu kombora la Virginia likampata huyo nahodha.

MWANAISHA: Machoni. Worden haoni, uso damu tupu, akamkabidhi kijana meli. Greene anashika usukani, Virginia inageuka kurudi Norfolk.

SALIM: Hakuifukuza. Hapo ndipo walipomlaumu.

MWANAISHA: Miaka na miaka! Mimi lawama ile inaniuma. Amri ilikuwa kuilinda Minnesota, meli yao nyingine iliyokwama kwenye kina kifupi, naye aliilinda. Worden mwenyewe alimtetea kwa maandishi. Zaidi ya miaka 20 baadaye Greene aliandika yote haya, na Desemba 1884, kabla hayajachapishwa, akajiua.

SALIM: Mungu wangu. Na siku zile zile za vita, aliandika lolote?

MWANAISHA: Alimwandikia mama yake, siku chache tu baadaye. Kwamba yeye na watu wake walikuwa weusi tititi kwa moshi na baruti, hadi nguo za ndani. Kwamba kila mfupa ulimuuma. Akajilaza apate usingizi, usingizi ukakataa.