Feni Ielekee Ukutani

Asanteni. Aliye karibu na dirisha akahisi ubaridi, asione haya kuhama kiti. Humu ndani sote tunajua baridi hutufanya nini.

Nina miaka 54 na nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ile ya SS, yaani niliyorithi kwa baba na kwa mama. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 51. Umri nautaja mapema kwa sababu ndio mwanzo wa habari yenyewe. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa wetu zaidi ya 3,700, ukakadiria kwamba mwanamke mwenye SS hufariki, kwa umri wa kati, akiwa na miaka 48. Na hedhi ya wanawake kwa jumla hukoma kwa wastani wakiwa na miaka kama 51. Pigeni hesabu. Wengi wa madaktari wanaotutibu leo walifundishwa wakati ambapo mtu kama mimi hakutarajiwa kufika hapa nilipofika. Nilipouliza mara ya kwanza kuhusu kukoma hedhi kwa mwenye selimundu, daktari wa damu alinituma kwa daktari wa wanawake, naye akanirudisha kwa wa damu. Nikawa naenda na kurudi kama barua isiyo na anwani. Simlaumu mtu sana, ila karibu mwaka mzima ulipotea hivyo, na katika mwaka huo nilifanya makosa mawili ambayo ndiyo yaliyonifanya nikubali kuja kuzungumza nanyi.

La kwanza ni la feni.

Usiku mmoja niliamka kifua kinawaka, shingo inawaka, nguo ya kulalia imelowa kama imetoka kufuliwa. Wengine huita joto la ghafla. Mimi naita fukuto. Nilifanya ambalo mwanamke yeyote angefanya. Nikatupa shuka, nikalowesha taulo kwa maji baridi, nikaliweka kifuani, nikageuza feni inipulize usoni. Raha ile sikufichi. Nikalala hivyo hivyo, mbichi na wazi. Alfajiri mgongo ukaanza, kisha mapaja, kisha mifupa ya miguu, na kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa siwezi kusimama. Siku nne kitandani, kwa mofini ya kutuliza maumivu.

Fukuto linadai baridi, na baridi kwetu ni adui. Ubongo una sehemu inayopanga joto la mwili, na estrojeni, homoni ya kike, inapopungua hedhi inapokoma, sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka: joto likipanda kidogo tu, huamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho limwagike. Baada ya dakika chache unabaki umelowa, na mwili unaanza kupoa. Mwenzako asiye na selimundu atatetemeka kidogo avute shuka. Wewe, mishipa ya ngozi ikibanwa na baridi, damu hupita polepole, chembe nyekundu hukaa muda mrefu bila oksijeni, na himoglobini S, ile tuliyorithi ndani ya chembe hizo, hupata nafasi ya kugandamana na kuzipinda zile chembe kama mundu. Ongeza jasho lililotoka. Figo zetu tayari hazijui kubana mkojo, zinatoa maji usiku kucha, na mwili ukikaukiwa chembe hujipinda kwa urahisi zaidi. Taulo langu la maji baridi lilikuwa kama kiberiti.

Basi sasa nalala hivi. Nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito, ili nivue moja tu. Nguo kavu imekunjwa kando ya mto, kwa sababu hatari kubwa iko kwenye ile nguo iliyolowa kuliko kwenye fukuto lenyewe. Nabadilisha kabla jasho halijapoa. Feni naiwasha, ila naielekeza ukutani, hewa izunguke bila kunipiga. Maji ya kunywa yako hapo hapo, ya joto la chumba, na nikiamka nakunywa. Najua mtasema ukinywa utaamka tena kwenda haja. Nitaamka, ndiyo. Na kwa figo hizi, usiku gani sikuwa naamka?

Pombe jioni niliacha, maana inaleta fukuto na inakausha mwili kwa mkupuo mmoja. Pilipili na vinywaji vya moto vinawasumbua wengine, mimi havinigusi. Kila mtu aandike vyake. Nilifundishwa pia na mshauri wa saikolojia namna ya kupumua taratibu fukuto linapoanza na namna ya kuzuia akili isikimbilie kwenye hofu. Sikuamini. Idadi ya mafukuto haikupungua sana, lakini usingizi ulirudi. Na mambo haya hayaishi mwezi ujao: utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kwamba kwa wanawake wanaopata mafukuto mara kwa mara, hudumu miaka 7.4 kwa kipimo cha kati. Jipangeni kwa safari ndefu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na nusura linitoe roho.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nimeshazoea. Jasho la usiku? Fukuto. Uchovu? Umri. Usiku mmoja nikaamka nimelowa tena, natetemeka, nikabadilisha nguo kwa ujuzi wangu mpya, nikajipongeza, nikarudi kulala. Binti yangu ndiye aliyenigusa asubuhi akasema, "Mama, hili si joto lako la kawaida." Kipimajoto kikasoma 38.9. Yalikuwa maambukizi kwenye damu.

Nawaomba hapa mnisikilize vizuri. Wengi wetu wenye SS hatuna bandama inayofanya kazi, nayo ndiyo inayochuja bakteria kwenye damu. Iliharibika tangu utotoni. Bakteria ambaye kwa jirani yako analeta homa ya siku tatu, kwetu anaweza kuua ndani ya saa chache. Fukuto hupasha ngozi. Halipandishi joto la ndani hadi kuwa homa, na mara nyingi baada ya jasho joto hilo hushuka kidogo. Kwa hiyo kipimajoto ndicho kinachotofautisha, tena hakina gharama ya kulinganisha na kulazwa. Kiwe mkononi usiku. Ukiamka na jasho, pima, halafu ndipo uamue ni nini. Nyuzi 38.5 kwenda juu ni dharura, usisubiri kuche. Kliniki nyingine huanza kuhesabu kwenye 38, ulizeni yenu inataka ngapi. Na ukitetemeka kwa baridi kali, nenda hata kama namba haijafika. Chanjo za kinga ya nimonia ambazo tulipewa zamani, ulizeni kama zinahitaji kurudiwa. Mimi yangu ilikuwa imepitwa na wakati na hakuna aliyeona.

Sasa homoni, maana najua ndilo swali lililowaleta nusu yenu.

Estrojeni ndiyo dawa inayozima mafukuto kuliko nyingine zote. Ya vidonge, ikimezwa, hupita kwanza kwenye ini, na ini likaongeza vitu vya kugandisha damu. Selimundu yenyewe tayari inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu na mapafu. Ukiweka hivi viwili pamoja, unaelewa kwa nini daktari hushtuka. Lakini estrojeni ya kibandiko au ya jeli inayopakwa kwenye ngozi haianzii kwenye ini, na tafiti za wanawake kwa jumla, zikiwemo za Ufaransa, hazikuona ongezeko lile la damu kuganda lililoonekana kwenye vidonge. Hizo ni tafiti za wanawake wengine, si zetu. Ukiwahi kuganda damu, ukiwahi kupata kiharusi, au shinikizo la damu kwenye mapafu liko juu, mazungumzo huwa mengine kabisa. Ninachokataa ni jibu la "wewe una selimundu, haiwezekani" linalotolewa kabla mtu hajafungua faili. Kibandiko na kidonge havifanani, na una haki ya kusikia habari ya vyote viwili.

Halafu kuna ukavu wa uke, jambo ambalo akina mama huninong'oneza nje ya ukumbi. Krimu au kidonge kidogo cha estrojeni kinachowekwa ukeni, kwa dozi ndogo, huingia kwenye damu kidogo mno. Hilo lipo kwenye kundi lake peke yake. Lisikataliwe kwa hofu ya vidonge vya kumeza. Na mkojo unaouma mara kwa mara unaweza kutokana na ukavu huo huo, mkaandikiwa antibiotiki mwaka mzima bure.

Zipo dawa zisizo homoni, na hapa ndipo selimundu inapoleta vituko. Paroksetini, dawa ya sonona, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa dozi ndogo ya miligramu 7.5 kwa ajili ya mafukuto. Nzuri. Lakini kodeini, dawa ya maumivu ambayo wengi wetu tunaitumia, haiondoi maumivu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ndicho paroksetini inachokizuia. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo hutegemea kimeng'enya hicho hicho, na juu ya hapo kuichanganya na dawa za kundi hili kuna hatari yake nyingine. Mwanamke anaanza dawa ya mafukuto, na wiki chache baadaye anaambiwa "mbona siku hizi unataka dawa nyingi za maumivu?" Wanamshuku. Venlafaksini, dawa nyingine ya sonona, huzuia kimeng'enya hicho kidogo sana, ingawa kwa tramadoli nayo inataka tahadhari, na inaweza kupandisha presha.

Gabapentini husaidia mafukuto ya usiku, lakini hutoka mwilini kupitia figo, kwa hiyo figo zetu zipimwe kwanza. Na pamoja na mofini inaweza kudhoofisha upumuaji, jambo ambalo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ililitolea onyo mwaka 2019. Oksibutinini inakausha jasho na inafunga choo, na anayetumia mofini hahitaji kuelezwa habari za choo. Kati ya dawa mpya kuna fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, inayofanya kazi moja kwa moja kwenye ile sehemu ya ubongo ya joto. Inataka ini lipimwe kabla na wakati wa kutumia, na figo zilizochoka sana haziruhusiwi. Sisi tulioongezewa damu nyingi, ini letu lina historia.

Na tukitaja damu. Kila chupa unayoongezewa ina madini ya chuma yapatayo miligramu 200 hadi 250, na mwili hauna njia maalumu ya kuyatoa. Hedhi ilikuwa mlango mdogo wa kutolea. Mlango umefungwa, kwa hiyo feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, inaweza kuanza kupanda bila wewe kubadilisha kitu chochote, ombeni ipimwe. Kabla haujafungwa kabisa hutokea kinyume chake: hedhi za miaka ya mwisho huja nzito na bila ratiba, na himoglobini yetu, ambayo tayari ni ndogo, tuseme 8, hushuka haraka. Usijinunulie vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Na damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, isisingiziwe selimundu. Ichunguzwe.

Wanaotumia haidroksiyurea, ile dawa ya selimundu: hedhi kuruka miezi mitatu hakumaanishi kwamba uzazi umekwisha, na dawa hiyo haifai kwa mimba. Uzazi wa mpango uendelee hadi mwaka mmoja bila hedhi kama umevuka 50, miaka miwili kama hujavuka.

Mifupa nitaipitia haraka. Nyonga inayouma inaweza kuwa mfupa uliokufa kwa kukosa damu, au mfupa unaopungua kwa kukosa estrojeni, au vyote. Picha na kipimo cha uzito wa mifupa ndivyo vitakavyosema, kukisia hakutasema.

Kuna jambo moja jema, nisiwatishe tu. Wengi wetu maumivu yalikuwa yanafuata hedhi kama kivuli, na mimi yangu yalikuwa hivyo tangu usichana. Tangu ikome, miezi ile ya kuzidiwa kwa ratiba imetoweka. Sikuahidiwa na mtu, na siwaahidi. Nimeona tu.

Maswali. Ndiyo, dada mwenye kilemba cha kijani.

[Swali: Naandikiwa paroksetini tangu mwaka jana, na natumia kodeini. Niache leo?]

Hapana, usiache leo. Ukiikata ghafla utapata kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi utavurugika, nawe utadhani mafukuto yamezidi. Hupunguzwa kidogo kidogo. Kesho asubuhi chukua makopo yote mawili, uyaweke mezani mbele ya aliyekuandikia, pamoja na siku ulizozidiwa tangu ulipoanza. Unazo umeandika?

[Anajibu kwamba ameziandika kwenye simu.]

Basi simu hiyo ichaji usiku huu.