Kukagua kifusi cha makaa: anzeni chini
Mhadhara kwa wanafunzi wa uhandisi wa migodi, Dodoma

Vijana wangu, wengi wenu mkitumwa kukagua rundo la kifusi cha makaa ya mawe, yaani mawe na udongo unaotupwa makaa yakichimbwa, mtapanda juu. Huko ndiko gari linakofika na ndiko meneja atakakowapeleka. Nawaomba mwanze chini. Zungukeni kitako chote kwa miguu, mkitafuta maji.

Nimeshalisema hili sana, na nitalisema tena kwa sababu ya Aberfan.

Aberfan ni kijiji cha kusini mwa Wales. Mgodi wa Merthyr Vale ulikuwa na marundo saba mlimani, juu ya kijiji. Rundo la saba lilianza kumwagwa mwaka 1958, juu ya chemchemi. Chemchemi hizo hazikuwa siri, zilikuwemo kwenye ramani! Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kueleza hofu yake kuhusu tope la makaa linalomwagwa nyuma ya shule ya Pantglas. Nyuma ya shule, jamani. Wakaendelea kumwaga.

Ijumaa, Oktoba 21, 1966, wafanyakazi walifika juu asubuhi wakakuta rundo limetitia mita kadhaa, na reli za kreni zimeangukia shimoni. Mmoja akatumwa ateremke kutoa taarifa. Ilipofika kama saa tatu na robo, kifusi kikaporomoka, zaidi ya mita za ujazo 100,000. Wakafa watu 144, na kati yao 116 ni watoto. Masomo ya siku hiyo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza.

Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Edmund Davies ilikuta kwamba Bodi ya Taifa ya Makaa, iliyomiliki mgodi huo, haikuwa na utaratibu wowote wa kusimamia uimara wa marundo. Hawakuuweka! Sheria ya marundo Uingereza ilikuja mwaka 1969, watoto wameshazikwa.

Najua kuna anayesema moyoni: Mwalimu, Dodoma ni kame, na makaa yako Kiwira na Ngaka. Sawa, lakini ninyi mtapangiwa huko huko Songwe na Ruvuma, kwenye mvua nyingi kuliko huku. Na huu ukame msiuamini. Mvua yetu karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na ikija huja kwa kishindo. Mmesahau Katesh? Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliingia mjini, wakafa watu zaidi ya 80. Na pale hapakuwa na mgodi.

Kifusi husimama kwa sababu mawe na chembe zake zinashikana. Maji yakijaa katikati yanazisukuma, zinaachiana, na rundo zima linatiririka kama uji. Kwa hiyo kwenye kitako tazameni penye unyevu wakati wa kiangazi, majani mabichi yaliyoota peke yake, udongo uliovimba kuelekea nje, miti na uzio ulioinama. Mkikuta maji yanatoka, yakingeni kwenye chupa nyeupe, myanyanyue kwenye mwanga. Yakiwa maangavu, pimeni yanatoka kwa kasi gani, kisha mrudi kupima tena. Yakiwa na matope, rundo linaliwa kwa ndani. Tazameni pia kama kuna watu wanachota kifusi hapo chini kwa ajili ya kujengea. Wanaondoa egemeo la rundo zima na hakuna anayewaambia.

Baada ya hapo ndipo mpande juu. Mkiona ufa, pigeni vigingi viwili, kimoja kila upande, pimeni, andikeni tarehe. Kagueni mitaro kama imeziba. Mvua kubwa ikinyesha, rudini bila kungoja ratiba ya mwezi.

Naonyeshwa saa. Moto: makaa yaliyobaki kwenye kifusi huweza kuwaka yenyewe. Mkiona moshi au mkisikia harufu ya kiberiti, msikanyage hapo, huenda ndani pameungua pakawa tupu. Mabwawa ya kuzuia maji na tope la mgodi sitayafikia, ila someni Buffalo Creek, West Virginia, Februari 1972: bwawa la mgodi wa makaa lilipasuka, watu 125 wakafa, siku nne baada ya mkaguzi kuandika kwamba bwawa linaridhisha.

La mwisho. Mkikuta ufa unapanuka, msikimbilie kuandika ripoti. Simamisheni malori, waondoeni watu walioko chini, ndipo mpige simu ofisini.